Pasi za Lusia

Jumamosi, 14 Mei 2022

Leo Lusia amenipiga na mpira usoni. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili nikajua ni makusudi. Pua inauma mpaka sasa.

Sijamaliza hata mwezi hapa Kahama. Baba na mama wamenileta Nyahanga kwa mama mkubwa Anisia nimalizie sekondari, maana kutoka kwetu Didia shule ni mbali, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Lusia ni mtoto wa mama mkubwa. Amemaliza kidato cha nne, anamsaidia mama yake kushona. Ni mfupi – kichwa chake kinaishia kwapani kwangu. Siku niliyofika alinitazama kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka juu, akauliza kama najua kucheza mpira wa kikapu. Nikasema sijui. Akasema si neno, urefu upo, mengine yatafuata.

Jioni tunakwenda uwanja wa parokia. Saruji imepasuka katikati na ringi moja imeinama. Lusia anadunda mpira kulia, kushoto, nyuma ya mgongo, huku anapiga soga na watu walio pembeni. Hautazami kabisa! Mimi ananiweka chini ya ringi, mikono juu. Nikiishusha tu, mpira huo.

Nilimuuliza kwa nini hasemi kwanza kwamba anarusha. Akajibu kwamba kwenye mechi hakuna atakayenipigia hodi.

Jumapili, 12 Juni 2022

Mechi yangu ya kwanza! Ligi ya vijana wa parokia, baada ya misa ya pili. Wasichana wa Ushirombo walikuja na jezi za kijani, wote sawasawa. Sisi kila mtu na fulana yake.

Mwalimu Deusdedit, anayetufundisha fizikia shuleni na ndiye kocha wetu, alinianzisha. Refa alinipigia filimbi mara nyingi kwa kutembea na mpira. Sikujua hata ninatembea. Lakini kila nilipofika chini ya ringi na mikono juu, mpira ulikuwa umeshafika. Sijui Lusia ananionaje. Yuko kule, amezungukwa, mgongo umenigeukia – halafu mpira huu hapa, kwenye vidole. Kazi yangu ilikuwa kuuweka tu kwenye kikapu.

Tumeshinda. Watu wakaanza kuniita Twiga. Hadi padre. Lusia hakuitwa jina lolote. Alikuwa ameinama pembeni anafunga kiatu chake kwa kamba ya mkonge, soli imebanduka.

Jumanne, 2 Agosti 2022

Leo tulikwenda Shinyanga mjini, mimi na Lusia na wengine watatu. Makocha wametoka Mwanza kuchagua wasichana wa timu ya vijana ya kanda, chini ya miaka ishirini. Tulipangwa mstari kama askari. Mmoja alipita anatupima kwa macho tu.

Tulicheza asubuhi yote. Lusia alicheza vizuri kuliko mtu yeyote pale, na siyo kwa sababu ni dada yangu. Aliwapita wasichana wa Shinyanga mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilipata vikapu vingi. Vyote vya kwake.

Waliposoma majina, langu lilikuwemo. Lake halikuwemo. Mwalimu Deusdedit alikwenda kuwauliza. Nilisikia jibu kwa sababu nilikuwa nyuma yake: yule mdogo ana mikono mizuri sana, ila ukuta ukiwa mfupi watu wanaruka, urefu hatuwezi kuufundisha, hayo mengine tutayafundisha.

Kwenye basi la kurudi Lusia alikaa dirishani. Tulipofika Isaka akanunua karanga, akanigawia nusu. Nyumbani alibadilisha nguo, akakaa kwenye cherehani kumalizia sare za wanakwaya. Mama mkubwa akauliza imekuwaje. Lusia akasema, "Vaileth amechaguliwa." Basi.

Jumatano, 28 Desemba 2022

Niko Didia, likizo. Mvua nzuri mwaka huu. Tumepanda mpunga siku mbili mfululizo, mgongo hauna hamu na mimi. Kuwa mrefu shambani hakuna faida yoyote.

Nimemweleza baba kuhusu Mwanza: kila mwisho wa mwezi kambi, mechi, kusafiri. Alisikiliza akimenya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kama vile yana maganda. Hapendi kusema haraka. Mwisho akauliza, kwa Kisukuma, kwamba unautupa mpira kwenye tundu, unadondoka chini upande wa pili, halafu? Nikamwambia halafu unaokota unatupa tena. Akafikiri. Akasema, kumbe ni kama kuchunga tu.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Jana asubuhi niliamka nikakuta baba amebomoa juu ya mlango wa chumba changu. Makoye, jirani yetu fundi, alikuwa anampa matofali. Wameupandisha mlango. Sasa napita bila kuinama. Nilimwambia baba wabeja, asante, akasema haya, lete maji tunawe mikono.

Jumamosi, 8 Julai 2023

Mwanza. Fainali ya vijana ya kanda tumepoteza. Nilicheza hovyo. Gadi wetu – yule anayepandisha mpira na kugawa pasi – ni msichana mzuri wa Musoma, lakini anatazama kabla ya kupasia. Akinitazama, na wote wananitazama. Mpira ukifika, wameshafika.

Hata hivyo mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni alikuja baadaye. Anaitwa Kocha Evelina, wa Chang'ombe Sparks ya Dar es Salaam. Alisema niko mbichi, ila mikono yangu iko juu hata nikiwa nimechoka. Aliuliza nani kanifundisha hilo. Nikasema dada yangu. Akasema nikimaliza kidato cha nne nimpigie, akanipa namba.

Nilimpigia Lusia simu kumwambia. Mtandao mbovu. Yuko Kharumwa sasa. Ameolewa tangu baada ya Pasaka, na Abel, fundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Harusi ilifungwa nikiwa kambini. Nilitumiwa picha.

Jumapili, 15 Oktoba 2023

Nimekwenda Kharumwa kumwona kabla ya mitihani.

Nilisikia mlio kabla ya kuona kitu. Makarasha yanasaga mawe kutwa, vumbi jeupe juu ya kila kitu – mabati, majani, nyusi za watu. Lusia ana kibanda cha chai na chapati karibu na mashine. Wachimbaji wanamwita Mama Chapati. Ana mimba, tumbo limeshatokeza. Alinikumbatia huku ameshika mwiko.

Abel ni mpole. Alinisalimia, shemeji karibu, akaniletea kiti, akarudi kwenye mashine yake. Nilitaka kumchukia kidogo. Sikuweza.

Mpira upo chini ya kitanda, umeisha upepo. Kharumwa hakuna uwanja wa kikapu, labda kwenye shule moja, na ringi yenyewe haina upande mmoja. Niliuliza kama anakumbuka kucheza. Akasema kuna siku anakumbuka na kuna siku amechoka tu. Hakusema kwa huzuni. Alikuwa anageuza chapati.

Nilimwambia habari ya Dar, kwamba naogopa. Nilisema bila yeye sijui kama mimi ni mchezaji au ni mti. Hapo akaacha chapati.

"Sikiliza. Kule hawatakupa mpira. Wana watu wao. Usisimame ukisubiri. Fuata ribaundi. Mpira uliogonga ringi haugawiwi na mtu, ni wa aliyekwenda kuutaka."

Mteja akaita chai. Akaenda.

Jumatatu, 4 Machi 2024

Dar es Salaam. Joto la hapa linakaa mwilini kama nguo mbichi.

Nimesaini na Chang'ombe Sparks. Mkataba wa kweli, wa mwaka, na mshahara, ingawa Kocha Evelina alinionya kwamba kuna miezi unachelewa. Naishi na wachezaji wawili chumba kimoja, nyuma ya uwanja. Kitanda kifupi. Nimeweka kreti ya soda miguuni nikatandika kanga juu.

Wananicheka Kiswahili changu. Nikisema "rara" badala ya "lala" chumba kizima kinaanguka. Sijali sana. Mariana, nahodha na gadi wetu, ndiye anayecheka zaidi, ila ndiye aliyenionyesha pa kununua viatu vya namba yangu, Karume, kwa mzee mmoja anayeniwekea kila ikiingia jozi kubwa.

Mazoezi alfajiri. Nilikuwa wa mwisho kwenye kukimbia. Wa mwisho kabisa.

Ijumaa, 17 Mei 2024

Benchi tena.

Niliingia dakika chache robo ya tatu. Nilisimama chini ya ringi, mikono juu. Mariana alinipita kwa macho kama kibao cha barabarani. Si mbaya huyu dada. Hajanizoea, na mechi ilikuwa ngumu. Nilitolewa. Nikakaa na taulo.

Lusia alijifungua mwezi wa pili mtoto wa kiume, Marselino. Leo nimetumiwa picha. Ana paji la uso la baba yake.

Alhamisi, 20 Juni 2024

Nimeacha kusubiri.

Tangu wiki iliyopita mazoezini nafanya jambo moja tu: mtu akirusha, mimi nimeshaanza kwenda. Sitazami kama unaingia. Natazama utadondokea wapi ukikosa. Nimeanza kujua – ukirushwa kutoka kona ya kulia unadondoka kushoto. Ukirushwa na Mariana akiwa amechoka, unakuwa mfupi, unarudi mbele.

Leo Kocha aliniweka robo zote nne. Ribaundi nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani, pande zote mbili. Nimepigwa viwiko mpaka mbavu zimevimba. Nilifunga vikapu vya takataka, vile ambavyo wengine wamekosa. Vinahesabiwa sawa na vingine.

Mwishoni Mariana alinipiga begani. Akasema sikujua unataka. Nikamwambia na mimi sikujua.

Nilimtumia Lusia ujumbe: Nimekwenda kuutaka. Amejibu picha ya mtoto amelala mdomo wazi.

Jumatano, 15 Januari 2025

Mariana anaondoka. Amepata kazi Arusha, na mchumba wake yuko huko. Tulimfanyia sherehe ndogo, keki na soda. Nimelia, ajabu. Mwaka jana wakati kama huu sikumjua.

Baada ya sherehe Kocha Evelina alikuwa anapanga viti. Nilimsaidia. Alisema hana gadi. Wapo wadogo wawili, wana mbio, hawana macho. Amepiga simu Mwanza, Dodoma, mpaka Mombasa.

Nikamwambia ninamjua mmoja.

Aliuliza anacheza wapi. Nikasema hachezi, anauza chapati Kharumwa. Aliweka kiti chini, akakikalia. Nikamweleza yote, nadhani kwa fujo. Aliuliza urefu. Nikamwambia. Akauliza kama huyo ndiye dada aliyenifundisha mikono juu. Amekumbuka! Akasema mlete nimwone, simwahidi kitu.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Amekataa.

Nilimpigia asubuhi nikiwa na furaha kama mjinga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ana mtoto ambaye hajafikisha mwaka, ana kibanda, ana mume, na hajakimbia tangu harusi. Akasema wabeja, mdogo wangu, ila hapana. Akauliza kama ninakula vizuri.

Nilikaa juu ya kreti yangu. Sikwenda kufua.

Mchana simu ikaita, namba ya Abel. Nilishtuka, nikadhani kuna msiba. Hapana. Alikuwa amekwenda mbali na mashine ili asikike, bado nilimsikia kwa shida. Abel si mtu wa maneno, lakini haya nayaandika kama alivyoyasema:

"Shemeji, nilimjazia ule mpira upepo. Kila jioni akifunga kibanda anakwenda nyuma ya karasha, anadunda peke yake. Anapasia ukuta. Mimi nimechoka kumwona anacheza na ukuta. Nitaongea naye. Wewe usimpigie kwanza."

Jumamosi, 22 Februari 2025

Niandike kwa mpangilio.

Wamefika Alhamisi. Lusia, Marselino, na mama mkubwa Anisia aliyekuja kumshika mtoto. Mama mkubwa hajawahi kufika Dar. Amebeba michembe ya viazi vitamu na karanga za kulisha mtaa. Abel amebaki, kazi haimruhusu, ila anapiga simu kila baada ya muda kuuliza mtoto amekula nini.

Leo jaribio. Kocha alitugawa timu mbili. Mimi na Lusia upande mmoja.

Robo ya kwanza ilikuwa aibu. Wale gadi wawili wadogo walimnyang'anya mpira kama wanamvua kofia. Alikuwa anahema kwa sauti. Alinipasia mara mbili, zote zikatoka nje, kwa sababu zilikwenda mahali nilipokuwa nafika zamani. Sasa nina mbio zaidi. Hakujua. Pembeni kulikuwa na watu wanacheka chini kwa chini. Mama mkubwa alikuwa amempakata Marselino, ametazama chini.

Mapumziko nilimpelekea maji. Nilianza kusema pole. Akanikatiza kwa mkono. Alikuwa anahema, lakini macho yake yalikuwa mahali pengine, anahesabu kitu. Akasema tu kwamba nimekua na mbio, mbona sikumwambia.

Robo ya pili – basi, sijui niandikeje. Mpira ulianza kufika. Siyo kwangu tu. Kwa wote. Msichana wa kona ambaye huwa hapati mpira mpaka Krismasi alifunga mara tatu. Wale wadogo walikuwa wanamfuata, na yeye hakuwa anakimbia hata kidogo, anatembea, anawaacha wapite. Mara moja aliangalia kabisa upande wa kushoto, akamwita mtu wa kushoto kwa jina, na mpira ukawa mkononi kwangu kulia. Niliruka. Nilihisi kama miaka yote ile ya Mwanza na benchi ilikuwa foleni tu ya kufika hapo.

Kocha Evelina hakupiga filimbi muda ulipoisha. Alisahau.

Amempa mkataba wa msimu mmoja, kwa majaribio. Lusia alisoma kila mstari. Akauliza kama anaweza kuja na mtoto mazoezini. Kocha akasema mlete, tutamzoea.

Kulikuwa na mgeni mmoja wa Kigali, Bwana Wilbard, anatafutia timu ya kule wachezaji. Alikuja kumwangalia mshambuliaji wetu. Alikaa mpaka mwisho.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Tumeshinda mechi sita mfululizo. Tuna chumba cha kupanga Keko, mimi, Lusia, mama mkubwa na Marselino. Asubuhi mtoto anaamka kwanza, halafu wote tunaamka, tupende tusipende. Mama mkubwa amepata wateja wa kushona. Anawaambia Dar wanavaa nguo za kubana kwa sababu kitambaa ghali.

Sijawahi kucheza hivi. Siogopi mechi. Naisubiri kama mtu anayesubiri chakula anachokijua.

Leo Bwana Wilbard amepiga simu. Ile timu ya Kigali inanitaka. Wanacheza mashindano ya Afrika, wana daktari wao, wana mtu wa kutazama tu mnachokula. Miaka miwili. Kocha Evelina ameshazungumza naye, hatanizuia, amesema nafasi kama hii haiji Chang'ombe kila mwaka.

Nilimuuliza Bwana Wilbard, na Lusia je? Akasema kwamba gadi wanao.

Jumapili, 11 Mei 2025

Nimekaa siku mbili bila kumwambia. Leo baada ya misa nikamwambia. Mama mkubwa alikuwa amelala na mtoto, tulikaa nje kwenye ngazi tunachambua mchele.

Nilisema siendi. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia walichokiona ni yeye, siyo mimi. Kila video waliyonayo ni mimi ninadaka na yeye anagawa. Wakinipeleka kule peke yangu watagundua wamenunua nusu ya kitu. Na zaidi, mimi ndiye niliyemtoa kwake nikamleta huku, siwezi kumwacha.

Lusia hakuwahi kunikasirikia tangu nimjue. Leo alikasirika. Hakupandisha sauti, aliweka ungo chini.

"Nani alikuambia nilikuja Dar kwa ajili yako? Nilikuja kwa ajili yangu. Nilipima, nikaongea na mume wangu, nikaja. Usinifanye mzigo wako."

Nikauvuta ungo kwangu.

Akaendelea, taratibu sasa. Alisema ninamsifu mpaka ninajitukana. Kwamba amewapasia wengi, parokiani na hapa. Pasi isiyo na wa kuidaka ni mpira uliotoka nje tu, na refa anawapa wenzenu. Kwamba kuna siku anarusha kabla hajaniona, kwa sababu anajua nimeshaanza kwenda, na hilo la kuanza kwenda hakunifundisha yeye.

"Ulivyochaguliwa Shinyanga nilikaa kwenye basi nikakuonea wivu," alisema. "Niliumaliza palepale Isaka. Sasa usinirudishe huko kwa kukataa."

Tukachambua mchele. Muda mrefu. Mchele wenyewe ulikuwa safi tangu mwanzo, naona wote wawili tulijua.

Jumanne, 10 Juni 2025

Didia, kuaga. Mama amenichinjia kuku. Wanawake wa jumuiya wamekuja, wamesali rozari, wameuliza kama Kigali kuna Wasukuma.

Nilimweleza baba. Nilitegemea aseme ni mbali. Yeye huuza ng'ombe mnadani Tinde, anayaona malori ya Rwanda yanavyopita pale kwenda na kurudi. Alichora chini kwa fimbo: hapa Tinde, hapa Kahama, Ushirombo, halafu mpaka, halafu Kigali. Upande wa pili akachora Dar. Mstari wa Dar ulikuwa mrefu zaidi, ulifika mpaka kwenye miguu ya mbuzi.

Akasema, "Kumbe unarudi karibu."

Nimeshasaini, kwa hiyo, kabla ya kutoka Dar. Sikuandika siku ile kwa sababu sikujua niandike nini. Lusia alisimama nyuma ya kiti changu, Marselino begani, akivuta nywele zangu.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Kigali. Chumba cha kubadilishia nguo. Muda upo, kwa hiyo naandika.

Mechi ya kwanza jioni hii. Ukumbi mkubwa, sakafu ya mbao inang'aa mpaka unaona soli zako. Baridi kidogo. Nimepewa viatu vipya vya namba yangu vikiwa ndani ya boksi. Sikuchagua, vimeletwa tu.

Lusia na wenzangu wa Sparks wanacheza leo hii pia, saa zilezile. Asubuhi alituma ujumbe kwamba senta mpya waliyempata kwenye nafasi yangu anatokea Tanga, anashusha mikono. Nimecheka peke yangu kitandani. Naionea huruma pua yake.

Naanza. Kocha amesoma majina, langu la tano. Tumefanya mazoezi siku chache tu pamoja, tena nusu yake nilikuwa kwa madaktari wanapima moyo, magoti, macho. Wachezaji wanaongea Kinyarwanda na Kifaransa. Naelewa filimbi.

Gadi wetu anaitwa Solange. Mrefu kwa gadi, nywele amezisuka kwa mistari myembamba, alikulia Bukavu kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kwao. Sasa hivi amekuja akachuchumaa mbele yangu, mpira mkononi. Ameniuliza kwa upole kabisa: mpira ninaupenda ufike wapi? Juu? Kifuani? Upande gani?

Nimebaki ninamtazama. Miaka mitatu ninacheza. Nimepokea pasi sijui ngapi. Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu. Napajua mahali pake kwenye vidole. Kwa maneno sipajui.

Nimemwambia anisubiri kidogo. Amesema sawa, akaenda mlangoni.

Nje wameanza kupiga ngoma. Wenzangu wamesimama, wanashikana mikono. Solange bado yuko pale mlangoni na mpira, hajaungana nao. Ananitazama. Anangoja nimwambie.